UGONJWA WA USINGIZI: KWA NINI WAZIMA NAO WAPIMWE

Ugonjwa wa usingizi huletwa na inzi aitwaye tsetse. Inzi huyo hukaa penye miti, kando ya mito. Akimwuma mgonjwa, hunywa vijidudu pamoja na damu. Baadaye akimwuma mtu mwingine, humtia vijidudu hivyo.

Mwanzoni mgonjwa ana homa kidogo, kichwa kinamwuma, tezi za shingo zinavimba. Pengine hasikii kitu. Miezi hupita, hata miaka, naye analima na kuvua samaki kama wenzake. Kisha vijidudu huingia ubongoni. Hapo husinzia mchana, hukesha usiku, akili yake huharibika. Asipopata dawa, hufa.

Basi akingojwa mpaka asinzie, amekawia. Tena siku hizo zote inzi wanaweza kuchukua vijidudu kwake na kuvipeleka kwa jirani. Kwa hiyo waganga hawangoji hospitalini. Huenda vijijini na kuita watu wote: wanaume, wanawake na watoto, wazima na wagonjwa.

Kazi yao ina utaratibu. Kwanza, hupapasa shingo ya mtu. Pili, huchukua tone la damu kidoleni, hulichanganya na dawa ya kupimia juu ya karatasi ngumu. Yakionekana mabonge madogo madogo, mtu huyo anashukiwa. Tatu, hutazama maji ya tezi au damu kwa darubini, ili wakione kijidudu chenyewe.

Kwa nini kupima tena? Tufanye hesabu. Tuseme kijiji kina watu 1,000, na mgonjwa ni 1 tu. Karatasi inaonyesha alama kwa watu 21. Mmoja ndiye mgonjwa. 20 hawana ugonjwa. Basi alama si hukumu. Inapunguza tu watu wa kuchunguzwa sana, kutoka 1,000 kuwa 21. Mwenye alama asichekwe wala asikimbie, angoje darubini.

Kabla ya mwaka 1960 kazi hii ilifanywa kwa bidii katika Kongo, na wagonjwa wakabaki wachache. Kisha fujo na vita vikazuia safari za waganga. Mwaka 1998 wagonjwa walioandikwa katika Kongo walizidi 26,000. Waganga wakarudi vijijini. Mwaka 2018 walioandikwa katika Afrika nzima hawakufika 1,000.

Ugonjwa ukipungua, watu husema: «Tupimwe kwa nini? Hapa hakuna mgonjwa.» Kumbe mgonjwa mmoja asiyejulikana anatosha kuuwasha tena, kama kaa moja lililobaki chini ya majivu. Anayetoa tone la damu yake anajilinda mwenyewe, na tena anamtendea jirani tendo la mapendo.

Maulizo
1. Inzi tsetse hupelekaje ugonjwa?
2. Kwa nini waganga hupima hata watu wazima?
3. Mtu mwenye alama afanye nini?
4. Ni nini kilichotokea katika Kongo watu wengi walipokosa kupimwa?