Lugha ya Kutafuta Hitilafu: Mfano wa Marudio Yasiyo Sahihi katika Saketi ya Mapigo ya Saa

1.0 Utangulizi

Kutafuta hitilafu katika chombo cha elektroniki huhesabiwa kuwa kazi ya mikono na vipimo. Makala haya yanaonyesha kwamba kazi hiyo huanzia katika lugha. Mfano unaotumika ni wa saketi itoayo mapigo ya saa, yaani mapigo ya umeme yanayoongoza mwendo wa chombo, pale yanapotoka mengi mno au machache mno kwa sekunde. Mazingira yanayochukuliwa ni ya Lulindi, wilayani Masasi, ambako Kimakua, Kiyao na Kimakonde husemwa nyumbani, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha fundi na mteja. Tume ya Rais ya 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo fundi aliyepita sekondari husoma kanuni kwa lugha moja na kusikia malalamiko ya mteja kwa lugha nyingine. Akikosea katika kuvuka mpaka huo, mteja hulipia kipuri kisichohitajika kwa fedha ya korosho zake.

2.0 Istilahi

Idadi ya mapigo kwa sekunde huitwa marudio. Wengine huiita masafa. Istilahi hizi mbili hazina uzito sawa. Masafa, kwa asili yake, ni umbali. Wasikilizaji wa redio wamezoea kusikia "masafa mafupi", na ufupi unaotajwa hapo ni wa wimbi. Wimbi fupi ndilo lenye mapigo mengi zaidi kwa sekunde. Kwa hiyo anayeambiwa "punguza masafa" anaweza kuelewa kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Neno mzunguko nalo hubeba maana mbili: njia ya umeme yenyewe, na pigo moja kamili. Inafaa basi njia iitwe saketi, pigo kamili liitwe mzunguko, idadi kwa sekunde iitwe marudio, na muda wa mzunguko mmoja uitwe kipindi. Kipindi kikirefuka, marudio hupungua.

3.0 Kauli ya Mteja

Kiswahili kina hazina ambayo fundi hana budi kuitumia, nayo ni viambishi vya wakati na hali. "Saa imebaki nyuma dakika kumi" ni kauli ya jambo lililokwisha kutokea. Yawezekana umeme ulikatika, saa ikasimama, kisha ikaendelea vizuri. "Saa inabaki nyuma dakika kumi kila siku" ni kauli ya jambo linaloendelea. Ya kwanza haithibitishi kosa lolote la marudio. Ya pili ndiyo inayoelekeza kwenye saketi. Vilevile, saa ionyeshayo saba wakati watu wanasema ni saa moja asubuhi haina hitilafu: tofauti ya saa sita haikui wala haipungui, kwani ni ya mfumo wa kuhesabu tu. Swali la kwanza la fundi liwe: "Mama, jana ilibaki nyuma dakika ngapi, na leo je?"

4.0 Uwiano wa Kosa

Kosa likishathibitika kuwa linakua, ukubwa wake huonyesha mahali pa kutazama kabla ya chuma cha kuchomelea kushikwa.

(a) Saa ya kwatsi hutumia fuwele yenye marudio ya 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo hugawanywa kwa mbili mara 15 ili kupata pigo moja kwa sekunde. Mapigo yakitoka mara mbili kamili au nusu kamili, kigawanyaji ndicho cha kuchunguzwa, wala si fuwele.

(b) Kosa la sehemu 20 katika milioni ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Kosa dogo namna hii hutokana na fuwele yenyewe, kapasita zake au joto. Saa ipotezayo dakika 12 kwa siku imekosea zaidi ya sehemu 8,000 katika milioni. Joto la Masasi haliwezi kusingiziwa.

(c) Saa ihesabuyo mizunguko ya umeme wa nyumbani, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya mizunguko 60, hupotea inapopewa 50 ya Tanzania. Kila saa moja huonyesha dakika 50 kamili, na kwa siku hupoteza saa nne.

(d) Chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, hutegemea rezista mbili na kapasita. Marudio ni 1.44 gawanya kwa (R1 + 2R2) × C. Kwa kiloomu 10, kiloomu 68 na maikrofaradi 10, marudio ni 0.99. Kapasita hiyo ikiwa kwa kweli ina maikrofaradi 12, jambo linaloruhusiwa pale kiwanda kinapotaja tofauti ya asilimia 20, marudio hushuka hadi 0.82, na kila saa moja huonyesha takriban dakika 49.

Hali ya (c) na ya (d) hukaribiana, na fundi mwenye haraka huzichanganya. Kinachozitenga ni uthabiti: 50 ya kwanza hairudi nyuma wala haiendi mbele, bali 49 ya pili hubadilika kwa joto na kwa uzee wa kapasita.

Tahadhari moja yabaki. Ncha ya kipimo ikigusishwa kwenye fuwele huongeza uwezo wake wa kapasita katika saketi, hivyo kubadili marudio yale yale yanayopimwa, au hata kuyazima. Ni heri kupima baada ya kigawanyaji.

5.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba istilahi iliyo wazi, kiambishi kilichosikizwa vizuri na uwiano uliokokotolewa hutangulia kipimo. Kati ya hivyo vitatu, viwili ni vya lugha. Mwalimu wa ufundi anayefundisha kanuni peke yake humwacha mwanafunzi na hesabu sahihi ya hitilafu isiyokuwapo.