Vipimo vya Nyumbani Vinavyosambaa Mtandaoni: Kwa Nini Jibu Lake Halitegemewi

Simu ya mkononi imewafikia wakulima wa vitunguu wa Mang'ola na wafugaji wa Endulen, na pamoja nayo vimefika vipimo vingi vya nyumbani. Vipo vinavyomtaka mtu ataje dalili zake kisha vikampa jina la ugonjwa. Vipo vya kutambua mimba kwa chumvi au dawa ya meno, na vipo vya kutema mate katika glasi ya maji ili kujua kama tumbo lina maradhi. Havina gharama wala foleni, na jibu hupatikana papo hapo. Hata hivyo, havimwelezi mtumiaji jambo lililo muhimu kuliko yote: ni mara ngapi jibu hilo huwa la kweli.

Kipimo hupimwa kwanza

Kabla ya kipimo cha maabara kuruhusiwa kutumika, nacho hupimwa. Hujaribiwa kwa watu wanaojulikana kuwa wagonjwa na kwa wanaojulikana kuwa wazima, ili makosa yake ya aina mbili yahesabiwe: kumwita mgonjwa mzima, na kumwita mzima mgonjwa. Kipimo kisichopitia hatua hiyo ni dhana tu.

Dawa ya meno ni mfano mwepesi. Aina nyingi za dawa hiyo zina kalsiamu kaboneti, ambayo hutoa povu ikikutana na asidi. Mkojo kwa kawaida una asidi kidogo. Kwa hiyo povu laweza kutokea hata mkojo ukiwa wa mwanamume. Kijiti cha kupimia mimba kinachouzwa katika duka la dawa hutafuta homoni mahususi ya ujauzito, tena kina mstari wa pili unaoonyesha kama kijiti chenyewe kimefanya kazi. Chumvi na dawa ya meno havina uhakiki wa namna hiyo. Mama anayedanganywa na bakuli la chumvi huweza kuchelewa kuanza kliniki, ambayo inashauriwa ianzwe kabla ya wiki ya 12 ya ujauzito.

Homa moja, magonjwa mengi

Orodha za dalili zina udhaifu mkubwa zaidi katika wilaya za Karatu na Ngorongoro. Homa, kuumwa kichwa, maumivu ya viungo na uchovu ni dalili za malaria. Ni dalili pia za brusela, ugonjwa unaosababisha mifugo kutupa mimba, za homa ya Q, za leptospirosisi, na za homa zinazoenezwa na kupe. Mwili una njia chache za kulalamika, na magonjwa haya yote huzitumia.

Utafiti uliofanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, unaonyesha ukubwa wa tatizo. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina. Kwa kutazama dalili, 528 kati yao walidhaniwa kuwa na malaria. Maabara ilithibitisha malaria kwa 14 tu. Miongoni mwa wengine iligunduliwa brusela, leptospirosisi, homa ya Q na homa za kupe. Waliokisia walikuwa matabibu wenye mafunzo, na mgonjwa alikuwa mbele yao. Ikiwa dalili ziliwapotosha wao, orodha ya maswali katika simu haiwezi kufanya vizuri zaidi.

Mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, ulizuka ugonjwa wa homa, uchovu na kutoka damu puani. Wagonjwa 20 waliripotiwa, na 3 walifariki. Vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonyesha maambukizi. Ndipo maabara ilipobaini leptospirosisi, inayoitwa pia homa ya mgunda.

Kukosea jina la ugonjwa ni kukosea tiba. Dawa ya malaria haitibu brusela, ambayo kwa kawaida huhitaji dawa mbili kwa takriban wiki 6. Anayemeza dozi baada ya dozi kwa ushauri wa simu hupoteza fedha na muda, huku ugonjwa ukiingia kwenye viungo na uti wa mgongo.

Hesabu inayofichika

Tuseme kipimo fulani hupatia kwa watu 90 kati ya kila 100, wawe wagonjwa au wazima, na kinatumiwa na watu 1,000 ambao kati yao 10 tu ni wagonjwa. Kitawatambua wagonjwa 9. Kwa upande mwingine, kitawaita wagonjwa watu 99 walio wazima. Hivyo, kati ya watu 108 watakaopewa hofu, 9 tu ndio wanaougua. Ndiyo maana tabibu huunganisha kipimo na historia ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili.

Kujipima kunakokubalika

Si kila kujipima kunakataliwa. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019, Tanzania inaruhusu mtu kujipima VVU kwa kutumia kitepe kilichoidhinishwa. Hata hivyo, jibu linaloonyesha maambukizi lazima lithibitishwe kituoni. Jibu lisiloonyesha maambukizi nalo halitoshi kwa aliyekuwa katika hatari miezi 3 iliyopita, wala kipimo hicho hakimfai anayetumia dawa za kufubaza VVU.

La kufanya

Umbali wa zahanati ni sababu ya kweli inayowafanya wengi wategemee simu. Simu hiyo hiyo hufikia namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii huweza kushauri kabla ya safari. Homa ipimwe malaria kwa tone la damu. Kipimo kisipoonyesha malaria, kazi ya kutafuta chanzo ndiyo imeanza.

Mgonjwa amweleze mhudumu mambo ambayo simu haiulizi: kama amekunywa maziwa yasiyochemshwa au damu mbichi, kama amemsaidia mnyama aliyetupa mimba, kama ameumwa na kupe, na kama amelala bondeni karibu na Ziwa Eyasi, ambako mbu ni wengi kuliko nyanda za juu. Mtoto anayeshindwa kunyonya, mwenye degedege au asiyeamka, na mjamzito anayetokwa damu au mwenye maumivu makali ya tumbo, wapelekwe kituoni mara moja, hata kama kipimo cha mtandaoni kimesema hakuna tatizo.