Kondo la Nyuma: Liliwe, Lizikwe, au Litupwe?

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA AFYA NA MAENDELEO

Ndugu msomaji, somo hili linaweza kukushangaza, na pengine wapo watakaoona haya kulisoma kwa sauti mbele ya kikao. Tumelileta kwa sababu linagusa uhai wa akina mama wetu, kuanzia Mbalizi mjini hadi vijiji vya milimani huko Umalila.

Siku hizi simu ya mkononi inaleta habari za kila namna mpaka jikoni. Mojawapo ni kwamba huko Marekani na Ulaya wapo wanawake wanaokula kondo la nyuma baada ya kujifungua. Wengine hulipika, wengine hulikausha, likasagwa na kutiwa katika vidonge. Wanasema linarudisha damu, linaongeza maziwa na kumwondolea mzazi huzuni. Binti anayetarajia mtoto wa kwanza akisikia hayo atauliza: je, ni kweli? Kamati inayokutana na akina mama haina budi kuwa na jibu, na jibu la "acheni upuuzi" halitoshi. Nyuma ya swali hilo kuna mama anayetaka kujua jinsi ya kurudisha nguvu zake.

1. KONDO LA NYUMA NI NINI?

Kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio, ni kiungo kinachoota ndani ya tumbo la uzazi wakati wa mimba. Mimba ikitimia, huwa na uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sentimita 20 hivi. Upande mmoja limeshikamana na ukuta wa tumbo la uzazi, na upande wa pili limeungana na mtoto kwa kamba ya kitovu. Kupitia hapo mtoto hupata chakula na hewa kutoka katika damu ya mama, na uchafu wake huondolewa. Pia hutengeneza homoni zinazoilinda mimba. Mtoto akishazaliwa kazi yake imekwisha, na kwa kawaida hutoka ndani ya nusu saa.

2. MAONI YA WANAOTETEA KULILA

Hoja ya kwanza ni ya wanyama. Kila mfugaji wa Mbeya anajua kwamba ng'ombe akizaa hugeuka na kula kondo lake asipozuiwa. Mbuzi, mbwa na paka hufanya vivyo hivyo. Basi, wanasema, mwanadamu naye angefuata maumbile. Kwa miaka mingi mtaalamu Mark Kristal wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, alichunguza jambo hili kwa panya, akaona kwamba kondo na maji ya uzazi huongeza nguvu ya mwili wa panya kupunguza maumivu. Hata hivyo, panya ni panya, na faida hiyo haijathibitishwa kwa mwanadamu. Tena ngamia, ambaye naye ni mnyama, hana desturi ya kula kondo lake. Hata wafugaji wetu wengi huliondoa haraka wasije wakaona ng'ombe anakabwa nalo.

Hoja ya pili ni ya tiba za kale. Ni kweli kwamba kondo lililokaushwa limetumika China kama dawa, nalo limetajwa katika kitabu kikubwa cha dawa cha Li Shizhen kilichochapishwa mwaka 1596. Lakini huko lilikuwa dawa ya wagonjwa wa aina mbalimbali. Haikuwa desturi ya kila mzazi kula kondo lake mwenyewe. Mwaka 2010 wataalamu wawili, Sharon Young na Daniel Benyshek, walitoa uchunguzi wao wa habari za jamii 179 za dunia. Hawakuona hata moja ambayo akina mama wake walikula kondo kama desturi ya kawaida. Kwa hiyo anayesema kwamba hii ni hekima ya mababu waliyoisahau watu wa leo, hasemi sawasawa. Ni mtindo ulioanza juzi tu, katika nchi za Magharibi, miaka ya 1970.

Hoja ya tatu ni madini ya chuma, yanayojenga damu. Chuma kimo kweli ndani ya kondo. Lakini katika jaribio dogo lililofanywa na Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, baadhi ya akina mama walipewa vidonge vya kondo na wengine vidonge vya nyama ya ng'ombe, bila kuambiwa ni vipi. Hali ya chuma mwilini mwao haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Nusu kilo ya nyama ikikaushwa na kugawanywa kwa wiki kadhaa haiwezi kumjaza damu mama aliyepungukiwa.

3. HATARI ZAKE

Kondo si safi kama wengi wanavyodhani. Limepita katika njia ya uzazi, na vijidudu huweza kulishika. Mwaka 2016, katika jimbo la Oregon, Marekani, mtoto mchanga aliugua maambukizi ya damu, akatibiwa, kisha akaugua tena kwa vijidudu vya aina ile ile. Ilipochunguzwa, vijidudu hivyo vilikutwa katika vidonge vya kondo alivyokuwa akimeza mama yake. Idara ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo ilitangaza habari hiyo mwaka 2017 na kushauri vidonge hivyo viepukwe.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kujihadhari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mbeya watu wazima 9.6 katika kila 100 wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Kondo limejaa damu. Yeyote anayelishika kwa mikono mitupu, akiwa bibi, wifi au mkunga wa jadi, anajiweka katika hatari ya virusi hivyo na ya homa ya ini. Glovu ni lazima.

4. MAANDIKO NA MILA ZETU ZINASEMAJE?

Biblia inalitaja jambo hili waziwazi mara moja, katika Kumbukumbu la Torati 28:56-57. Hapo anaelezwa mwanamke aliyelelewa kwa starehe, ambaye njaa ya kuzingirwa na adui inamfikisha mahali pa kula kondo la nyuma kwa siri, akiwanyima wa nyumbani mwake. Si amri ya chakula. Ni picha ya msiba uliopita kiasi. Kamati ziisome hivyo, zisiitumie kumhukumu binti aliyeuliza swali tu.

Mila za Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa zinaelekea upande mmoja: kondo huwekwa ardhini kwa heshima. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda cha mwaka 1911, anaeleza kwamba lilihesabiwa kuwa mtoto wa pili, likawekwa penye shina la mgomba, na mgomba huo ukalindwa. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wakikuyu, anasema lilipelekwa katika shamba lisilolimwa na kufunikwa kwa nafaka na majani. Hata leo Mswahili akitaka kusema alikozaliwa husema ndiko kilikozikwa kitovu chake. Mtu anayezungumza hivyo hawezi kuona kondo kama takataka, wala hawezi kuliona kama kitoweo.

Heshima hii ina faida na ina mtego. Faida ni kwamba tayari jamii inakubali kondo lizikwe, nayo ndiyo njia salama. Mtego ni hofu. Mama asiyejua kondo lake litapelekwa wapi huko zahanati huanza kusikia maneno: litauzwa, litatumiwa kwa uchawi, atafungwa uzazi. Maneno ya namna hiyo yanaweza kumfanya ajifungulie nyumbani. Na nyumbani ndiko kondo linakoua.

5. KAZI YA MWISHO YA KONDO: KUMWAMBIA MKUNGA KAMA MAMA YUKO SALAMA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi nchini. Katika kituo cha afya, mara mtoto anapozaliwa mama huchomwa sindano ya oksitosini inayosaidia tumbo la uzazi kukaza. Kondo likitoka, mkunga hulitandaza, akaligeuza pande zote mbili na kutazama kama vipande vyote vipo na kama ngozi yake imetimia. Kipande kidogo kikibaki ndani, tumbo haliwezi kukaza sawasawa, na mama huendelea kuvuja damu au hupata homa siku zinazofuata.

Nyumbani hakuna sindano hiyo, na mara nyingi hakuna jicho lililofundishwa kukagua. Kondo likichelewa, huambiwa mama apulize chupa kwa nguvu, au atiwe mwiko kooni ili atapike, au kamba ivutwe. Kuvuta kamba ovyo kunaweza kuikata, au hata kugeuza tumbo la uzazi nje. Kondo lisipotoka ndani ya nusu saa, au damu ikizidi, mama apelekwe hospitali mara moja. Kutoka Umalila hadi Mbalizi njia ni ya milima, na wakati wa masika dakika moja ina thamani. Usafiri uandaliwe kabla ya siku zenyewe.

Tunamshukuru Mungu kwa hatua iliyopigwa. Kwa takwimu za taifa, akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa 47 katika kila 100 mwaka 2004/05, wakawa 63 mwaka 2015/16 na 81 mwaka 2022. Makadirio ya vifo vya wazazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya tafiti hizo mbili za mwisho. Waliobaki nyumbani ndio wanaotuhusu sasa.

6. MZAZI ALE NINI BASI?

Utafiti wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Kwa hiyo shauku ya mama ya kurudisha damu ni ya haki. Njia zake ni hizi:

(a) Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vimezwe wakati wa mimba, na viendelee baada ya kujifungua kama mhudumu anavyoelekeza. Mwenye kichefuchefu ameze baada ya kula, asiviache.

(b) Maini, nyama, dagaa na mayai vikipatikana, mzazi apewe kwanza. Visipopatikana, maharage yetu na mboga za majani kama mchicha na majani ya maboga visikosekane.

(c) Chungwa, pera au papai liliwe pamoja na chakula, maana husaidia mwili kuchukua chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia. Ingoje saa moja hivi.

(d) Uji wa ulezi wenye maziwa au karanga, maji ya kutosha, na usingizi. Mzazi anayerudishwa shambani wiki ya kwanza hawezi kupata nguvu hata angelishwa nini.

(e) Mama mwenye huzuni isiyokwisha baada ya wiki mbili, anayelia au asiyetaka kumshika mtoto, anaumwa. Asisemwe kuwa ni mvivu au ana pepo. Apelekwe kwa mganga wa kituo.

7. KAMATI NA WAFADHILI WAFANYE NINI?

Kwanza, kamati imwombe mganga mfawidhi wa zahanati au kituo chenu awaeleze akina mama, siku ya kliniki, kondo hupelekwa wapi. Shimo la kondo lionyeshwe. Shimo zuri limejengewa, lina mfuniko unaofungwa, liko mbali na kisima, na mbwa hawezi kulifikia. Siri ikiondoka, hofu nayo huondoka.

Pili, familia inayotaka kuzika kondo nyumbani izungumze na mkunga mapema. Akikubali, lichukuliwe katika chombo kisichovuja, lishikwe kwa glovu, lizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua, mbali na mto na kisima.

Tatu, tunawaomba wafadhili wetu jambo moja. Wodi ya wazazi huwekewa jiwe la msingi na hukatiwa utepe. Shimo la kondo halikatiwi utepe, na kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa katika bajeti. Mnapochangia wodi, ulizeni pia habari za shimo, glovu, na jiko la ndugu wanaowapikia wazazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu, ni maneno gani husemwa juu ya kondo linalobaki zahanati? Nani anaweza kuyajibu?

2. Mama akijifungua leo kwenye jumuiya yetu, nani atampikia kwa wiki mbili za kwanza, na atampikia nini?

3. Kondo likigoma kutoka usiku wa manane, gari au pikipiki ni ya nani, na fedha ya mafuta iko wapi?

Kikao kisifungwe kabla ya swali la tatu kupata jina la mtu na namba yake ya simu. Mungu awabariki katika kazi hii.