Dondoo muhimu: Mafuta ya mimea kwa ngozi na nywele

Mafuta mazito hukamuliwa kwenye mbegu: karanga na alizeti za Tabora, nyonyo, na mise ya michikichi ya Kigoma. Mafuta makali, yale ya harufu, hutolewa kwa mvuke. Kiwanda cha Wawi, Pemba, hutumia makonyo na majani ya mkarafuu.

Makali usiyapake matupu. Ya karafuu huunguza: tone moja latosha kijiko cha chakula cha mafuta ya alizeti. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima. Ya mkaratusi yasikaribie uso wa mtoto mdogo, na yoyote makali yasinywewe.

Nyonyo ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mafuta yake ya kiwandani hufaa ngozi na nywele, lakini mbegu zina sumu kali, risini, nayo hubaki kwenye mashudu. Mbuzi na kuku wasipewe. Na tafadhali, mzazi, zifiche mbegu hizo; madoadoa yake mazuri huwavuta watoto.

Joto la Septemba na Oktoba huharibu mafuta upesi. Tumia chupa ya kioo cheusi, ifunge, iweke kabatini. Yakianza kunuka uchachu, yamwage.