Kabati la Nakshi: Mitindo Mitatu na Mwendo wa Mbao

Kabati lililotengenezwa pwani, kisha likahamishiwa nyanda kavu za bara, huweza kupasuka mlango kabla ya mwaka kwisha. Aghalabu fundi hulaumiwa kuwa alitumia mbao mbichi. Lakini hata ubao uliokauka vema huendelea kujaa na kunywea kadiri hewa inavyobadilika. Katika somo hili tutaeleza jinsi mitindo ya kale inavyoweza kuunganishwa ili kuushinda mwendo huo.

Ubao hunyonya na kutoa mvuke wa maji. Katika hewa ya pwani huweza kutulia ukiwa na maji kiasi cha 14% ya uzito wake mkavu. Katika kiangazi cha bara huweza kushuka hadi 9%. Urefu wake, kwa kufuata nyuzi, haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni upana.

Tuchukue mlango wa ubao mmoja wenye upana wa milimita 400, ambao hunywea kwa 0.2% kila maji yanapopungua kwa 1%. Maji yakipungua kutoka 14% hadi 9%, upana utapungua hivi:

400 × 5 × 0.2% = milimita 4.

Ukiwa umepigiliwa misumari pande zote, ubao huo hauna budi kupasuka.

Milango ya Unguja yenye asili ya Gujarati hugawanywa katika vipande vidogo vya mraba vilivyozungukwa na kiunzi. Tuige mpango huo. Kila mlango wa kabati letu uwe na miimo miwili yenye upana wa milimita 60, iliyounganishwa na vipande vya kulala kwa ulimi na tundu. Ndani ya kiunzi chimba mfuo wenye kina cha milimita 10, na vibao vya kati viingie milimita 7 tu. Kibao chenye upana wa milimita 130 kitanywea milimita 1.3, nacho kitateleza ndani ya mfuo bila kuonekana. Mlango mzima utapungua milimita 1.2 tu, yaani mwendo wa miimo yake miwili.

Hata hivyo, mwanya kati ya milango miwili utapanuka kidogo. Hapo tunaazima mfaa wa mlango wa Kiswahili: ubao mwembamba wa kusimama, wenye nakshi, unaofungwa kwenye mlango mmoja na kuufunika mwanya. Juu ya kabati tuweke taji lililonyooka, kama kizingiti cha milango ya mtindo wa Kiarabu. Nakshi za maua na minyororo zichongwe kwenye mfaa na taji. Kwa kuwa nyuzi zake hufuata urefu, michoro hiyo mirefu haitavutika.

Fundi azingatie jambo moja: gundi hutiwa kwenye ndimi peke yake, kamwe isitiwe kwenye mfuo. Kibao kilichogandishwa hupasuka kama ule ubao mmoja. Mninga unafaa sana kwa kazi hii, kwani hunywea kidogo kuliko miti mingi.

Jaribio: Pima kwa makini upana na urefu wa kipande cha ubao wakati wa masika, kisha wakati wa kiangazi. Ni kipimo kipi kilichobadilika? Kwa nini?