Rangi ya mwani haipakwi juu ya paneli

*Nina paneli moja ya sola kihambani kwangu, Marangu. Siku za ukungu taa hazifiki saa tatu usiku. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue rangi ya mwani mwekundu wa Zanzibar nipake juu ya paneli ili ivute jua zaidi. Nimpe fedha?*
*Msomaji, Moshi Vijijini*

Usimpe, ndugu yangu. Rangi yoyote juu ya kioo huziba mwanga, na umeme utapungua zaidi.

Hata hivyo habari hiyo ina chembe ya ukweli, tena inanivutia sana. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989 ni wa jamii ya mwani mwekundu, wenye rangi ya asili iitwayo fikoeritrini, hodari wa kunasa mwanga wa kijani chini ya maji. Mwaka 1991 wanasayansi Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Uswisi, walionyesha seli ya sola ambayo rangi yake hukaa ndani, juu ya utando wa titani dioksidi: mwanga ukiipiga, rangi huachia elektroni na umeme hupita. Lakini rangi za mimea na mwani kwa kawaida hugeuza chini ya asilimia 2 ya nguvu ya jua kuwa umeme, na jua lenyewe huziharibu upesi. Paneli nyingi za silikoni za leo hufikia karibu asilimia 20.

Kwako nashuku kivuli na betri. Punguza majani ya migomba yanayoifunika paneli, uifute asubuhi kwa maji na kitambaa laini. Betri ikijaa mchana kisha ikaisha mapema, imechoka. Ikivimba, au waya ukinuka kuungua, usiiguse; mwite fundi umeme mwenye leseni.