Utatu: kwa nini hatusemi "Watatu"?



Sisi wa Mwanakwerekwe swali hili tunalijua. Sokoni, kwenye daladala, hata barazani kwa majirani tunaoheshimiana nao: "Kwani nyinyi mna miungu mitatu?" Wengi wetu tunacheka tu, au tunadaka mfano wa kwanza unaopita. Mimi naona tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimeshatusaidia sana.

Mzizi ni -tatu, Kibantu kabisa. Mzulu naye ana -thathu. (Sita, saba na tisa ndizo tulizopata kwa Waarabu.) Mzizi huu hufuata kinachohesabiwa: watu watatu, mafiga matatu, miungu mitatu. Ukiutanguliza u-, hauhesabu tena vitu. Unataja hali, kama vile umoja. Ndiyo maana tunasali kwa Utatu Mtakatifu, si "Watakatifu". Sarufi yenyewe inakataa wingi.

Ni kweli, neno hili halimo kwenye Biblia. Teofilo wa Antiokia aliandika trias kwa Kigiriki, mnamo mwaka 180. Kisha Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu, akatumia trinitas kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3. Walikuwa wanaitafutia jina imani iliyokuwepo tayari. Soma Mt 28:19: Yesu anawataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, lakini anasema jina, hasemi majina.

Sasa ile mifano yetu. Mafiga matatu yanabeba chungu kimoja, sawa, ila kila figa ni jiwe peke yake. Ukijibu hivyo umeshakubali miungu mitatu! Wengine hukimbilia theluthi, kama mkate uliokatwa. Hapo ndipo pabaya zaidi, kwa sababu Baba si theluthi ya Mungu. Ni Mungu mzima, na Mwana vivyo hivyo, na Roho vivyo hivyo.

Kanisa linasema: Mungu mmoja, Nafsi tatu. Tazama "tatu" imekaa wapi. Haikumgusa Mungu, imekaa kwenye Nafsi. Na hilo neno Nafsi nalo lina shida zake, kwani jirani anaweza kuwaza watu watatu, kila mmoja na akili yake. Mtakatifu Augustino alikiri kwamba tunasema "Nafsi tatu" si kwa kuwa neno linatosha, bali ili tusikae kimya.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa hujibu: "Hapana ndugu yangu, mmoja tu." Akiwa na nafasi, ndipo tunaanza habari ya Nafsi.